Kopo Tupu la Mfumba

Jumatatu, 15 Machi 1976

Mbega watahesabiwa kila Jumatano na Jumamosi mpaka masika yaishe, na mahali watakapoonekana hapatafyekwa. Hayo yamesemwa leo mchana na Ndugu Ernest, mtaalamu wa wanyama kutoka Morogoro mjini, mbele ya wakulima waliojitolea kumsaidia kazi hiyo. Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa misheni ya Lukumbi, huku juu milimani, na mvua ilipiga bati kwa nguvu hata ikabidi aseme kila jambo mara mbili.

Sababu ya haraka inajulikana. Kijiji kimeagizwa kufungua shamba la ujamaa la viazi mwaka huu. Mahali panapofaa ni pawili tu. Pa kwanza ni Mfumba, msitu mdogo unaoshuka kutoka kwenye hifadhi kama ulimi. Pa pili ni matuta ya mboga yaliyo chini yake, yanayolimwa na kaya saba. Mfumba ukionekana hauna mbega, utafyekwa. Ukiwa nao, yatachukuliwa matuta. Katibu wa kijiji, Ndugu Yunusi, aliuliza kama ofisi ya wilaya imekubali mpango huo. Ernest akasema imekubali kwa maandishi.

Masika yanalowesha karatasi, na wengi waliojitolea hawajazoea kalamu. Kwa hiyo kila mmoja amepewa kopo lenye mfuniko na fungu la maharage. Ukimwona mbega mmoja, unatia harage moja. Makopo yametengenezwa na Kibwana, fundi wa vibatari, ambaye naye amejitolea. Wakati wa kuyagawa alipofika kwa mjane mmoja aitwaye Paskalia alilirudisha kopo nyuma.

"Huyu mnampa maharage ya nini?" akawauliza watu. "Kesho atayapika."

Watu wakacheka. Mama yule alinyoosha mkono mpaka akapewa.

Gazeti lilinituma kwa wiki moja. Nimeomba likizo yangu iunganishwe nikae masika yote, na mhariri amekubali. Nami nimepewa kopo.

Jumatano, 17 Machi

Kituo changu ni kilima kinachotazamana na Mfumba, na bonde liko katikati. Nilifika kabla jua halijatoka. Ukungu ulipanda kutoka chini ukanifika magotini, kisha kifuani, kisha sikuona kopo nililolishika. Kwa muda hapakuwa na mlima wala mji wala mimi, ila ubaridi usoni na matone yakidondoka kutoka majani nisiyoyaona.

Halafu mbega wakanguruma. Si mlio wa nyani wengine. Ni sauti nzito, ya taratibu, kama mlango mkubwa unaovutwa juu ya sakafu ya mawe na mtu asiye na haraka. Ilitoka Mfumba. Nina hakika, kwa sababu ilitoka mbele yangu, na mbele yangu hakuna kingine.

Lakini kanuni ya Ernest ni kwamba sauti haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kilichoonekana, na kila mtu huhesabu kwenye kituo chake tu. Mfumba ni kituo cha Paskalia, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyo karibu na mpaka wa msitu.

Saa tatu tulirudisha makopo ukumbini. Langu lilikuwa na maharage mawili. La Paskalia lilikuwa tupu.

Jumamosi, 20 Machi

Mvua. Maharage manne. La Paskalia tupu.

Jumatano, 24 Machi

Mvua na ukungu. Sikuona kitu. Wamenguruma Mfumba, mara mbili. La Paskalia tupu.

Jumamosi, 27 Machi

Leo ukungu ulipasuka kwa dakika chache na nikawaona wa upande wangu vizuri. Mbega ni mweusi, ila mabegani ana manyoya meupe marefu yanayoning'inia kama koti lililovaliwa bila kuingiza mikono. Mmoja aliruka kutoka mti hadi mti na koti lile likafunguka lote hewani. Alikaa hewani muda mrefu kuliko inavyowezekana. Najua haiwezekani, lakini ndivyo nilivyoona, na naandika nilichoona.

Maharage sita. La Paskalia tupu. Ernest alilipindua kopo, akaligonga kidogo chini, akaliweka upande wa yale yasiyo na kitu.

Kibwana alikuwepo. Alimwambia Paskalia, mbele ya watu wote, kwamba kwao wamezoea kulala mpaka jua linawachoma makalio. Nimemwona mtu huyu mara nne sasa, na mara zote nne amemsumbua mama huyo. Nilimuuliza Ernest kama hawezi kumkanya. Akasema anahitaji makopo.

Jumatano, 31 Machi

Tupu.

Jumamosi, 3 Aprili

Daraja la chini limechukuliwa na maji. Lori la mboga halikupanda. Hakuna magazeti, hakuna betri za redio. Watu wanapita dirishani mwangu chini ya majani ya migomba bila sauti za hatua, kwa sababu tope linameza kila kitu.

La Paskalia tupu.

Jumanne, 6 Aprili

Nimeenda kuyaona matuta. Nilitaka kujua kaya saba ni zipi. Katibu Yunusi alinitajia bila kuficha, na ya tatu aliyoitaja ilikuwa ya Paskalia.

Tuta lake ndilo zuri kuliko yote. Kabichi zimejipanga zikitoka mvuke, njegere zimepanda kwenye fito, na maji ya Mfumba yanapita pembeni kwenye mfereji wa mawe uliochongwa zamani. Mwenyewe alikuwa akipalilia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikatia karoti akaiosha mferejini.

Sasa hesabu ni rahisi. Mfumba ukiwa hauna mbega, msitu utafyekwa na kabichi zitabaki. Anayesema kama wapo au hawapo ni mwenye kabichi. Nimekuwa mwandishi miaka ishirini na mbili na jambo la namna hii nimekwisha kuliandika mara nyingi, ila kwa kawaida mhusika huvaa suti. Karoti ilikuwa tamu.

Sijamwambia Ernest. Nimesikia mngurumo tu, na mngurumo hauhesabiwi.

Jumatano, 14 Aprili

Kaka yake Paskalia amefariki jana kwa homa. Aliitwa Paulo, alikuwa mpiga kengele wa kanisa. Padri amesema azikwe kesho kabla ya ibada, maana Ijumaa ni Ijumaa Kuu. Hatukuhesabu leo.

Alhamisi, 15 Aprili

Mazishi. Nilikwenda kwa sababu kijiji kizima kilikwenda.

Kaburi lilichimbwa na Kibwana na watu wawili wa kwao. Mimi nilidhani hawatamruhusu kukaribia. Badala yake yeye ndiye aliyekuwa mwenye shughuli. Alivaa kofia ya marehemu na koti lake, akatembea kama Paulo alivyotembea, mguu mmoja ukiburuta. Akaingia kaburini akalala chali na kusema pamebana, kwamba Paulo alikuwa na tumbo la kula vya watu na hapa hataenea, kwa hiyo wafiwa watoe kuku au yeye hatoki. Paskalia, aliyekuwa amelia tangu jana mpaka sauti ikamkauka, akacheka. Alicheka kwa sauti iliyokatika, akiwa ameshika tumbo. Kisha akasema, "Mpeni kuku huyu, anuka, atuondokee." Wakamtolea kuku, akatoka, na kazi ikaendelea kwa utaratibu.

Kwa hiyo ni watani. Ukoo wa Paskalia wa upande wa mama na ukoo wa Kibwana wamezikana tangu hakuna anayekumbuka. Mtu wa kwetu pwani nilipaswa kulitambua siku ya kwanza. Nilimwandika Kibwana vibaya katika kurasa zilizopita na naziacha zilivyo.

Mvua ilikatika wakati wa kufukia, na ukungu ukatujia kutoka Mfumba, ukapita katikati yetu, ukashuka zake.

Jumapili, 18 Aprili

Pasaka. Kengele imepigwa na mtu mwingine, haraka mno.

Jumatano, 21 Aprili

Maharage matano. La Paskalia tupu. Amefunga kitambaa cheusi na alifika kituoni kabla yetu sote.

Jumamosi, 24 Aprili

Tupu.

Jumatano, 28 Aprili

Tupu. Ernest sasa anasema "Mfumba, hakuna" kabla hata ya kufungua kopo. Katibu Yunusi ameleta watu wawili wenye mashoka kuangalia njia ya kupitishia magogo. Si mtu mbaya. Ameagizwa viazi, na wilayani wanamuuliza viazi.

Alfajiri mbega wa Mfumba walinguruma muda mrefu. Niliota baadaye, nikiwa nimekaa macho wazi na kopo langu magotini, kwamba mlango ule mkubwa umefunguka na ndani yake kuna ukumbi mkubwa uliojaa wazee waliovaa makoti meupe, wote wananisubiri niseme idadi. Naandika hili kwa sababu lilitokea, si kwa sababu lina maana.

Jumamosi, 8 Mei

Ernest ametangaza kwamba hesabu itafungwa baada ya wiki moja. Mfumba utatiwa katika ripoti kama mahali pasipo na mbega. Paskalia alikuwepo, akatoka na jembe lake.

Nilimfuata tutani. Nilikuwa nimeandaa maswali kwa namna ninayoijua, kutoka dogo kwenda kubwa, lakini nilipofika nililiacha dogo.

"Mama Paskalia, Mfumba kuna mbega?"

"Wapo," alisema, bila kuinua kichwa.

"Mbona kopo lako ni tupu tangu Machi?"

"Sikuhesabu."

Nikamuuliza kwa nini alichukua kopo ikiwa hahesabu. Alisimamisha jembe. Alisema kwamba kule ndani amelala bibi yake, na bibi wa bibi yake, na kwamba mbega wale ni wa kwao. Mtu wa ukoo wake hawaelekezei kidole wala hawahesabu, kama ambavyo hajawahi kuwahesabu watoto wake mwenyewe. Ukihesabu, watapungua. Kopo alichukua kwa sababu mgeni alihitaji mtu wa Mfumba, na bora aingie yeye kuliko mtu asiyejua pa kukanyaga. Amekwenda kila siku iliyopangwa. Amekaa chini yao. Amerudisha kopo kama alivyopewa.

"Nilidhani akikuta kopo tupu ataelewa hakuna aliyehesabu," alisema.

"Ameelewa hakuna mbega."

Maji ya mfereji yalikuwa yakipita kati yetu. Kisha akatazama juu, ambako siku hiyo msitu wote ulikuwa umezama katika ukungu, na ungeweza kusema haupo.

"Kumbe ndiyo maana mashoka yamekuja," alisema.

Nikamwambia lile lililobaki, kwamba Ernest akijua wapo, yatakayochukuliwa ni haya matuta.

"Najua, baba. Siku ya mkutano nilikuwepo. Na mimi nina masikio."

Nilikuwa nimemshuku mwezi mzima. Sikumwambia, kwa sababu isingemsaidia. Nilimuuliza kama kuna mtu yeyote anayeweza kuwahesabu bila kuleta madhara. Alikuwa amekwisha kulifikiria. Alikuwa akifuta tope kwenye jembe kwa kijiti.

"Aliyelala kwenye kaburi la kaka yangu akatoka mzima," alisema. "Huyo mchafu."

Jumapili, 9 Mei

Baada ya misa Paskalia alikwenda kwa mjomba wake Fransisko, mkubwa wa ukoo, kuomba ruhusa. Mzee alikuwa na kikohozi na hakutaka maneno mengi. Alikubali, kwa sharti moja, kwamba Kibwana aingie akitukana. Mtani akiingia kimya ni mwizi.

Ernest alipoelezwa alishika kichwa. Kanuni yake ya kwanza, aliyoifundisha tangu Machi, ni ukimya. Mbega wakisikia watu hukimbia, na hesabu inaharibika. Alimwambia Paskalia hivyo kwa heshima, akimwita mama, na Paskalia akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wale hawakimbii wakitukanwa na watu wa kwao Kibwana, mwanangu," alisema. "Wamezoea."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wamekubaliana atukane kwa sauti ya chini. Ernest anataka shahidi asiye wa ukoo wowote kati ya hizo mbili. Nimeteuliwa mimi.

Jumatano, 12 Mei

Mvua kubwa. Hatukuweza kuingia. Imebaki siku moja.

Jumamosi, 15 Mei

Tuliondoka gizani, sisi watatu. Mvua ilikuwa imekatika lakini miti iliendelea kunyesha peke yake. Mpakani mwa Mfumba Paskalia alivua kandambili, akatuonyesha njia kwa kichwa, si kwa mkono. Yeye hakuingia. Alikaa kwenye jiwe akatupa mgongo, akajifunga khanga masikioni mara mbili. Nilimuuliza Kibwana kwa nini.

"Asisikie harage likianguka ndani ya kopo," alisema. "Akisikia atakuwa amehesabu."

Ndani hapakuwa na ukungu. Ulikuwa umesimama nje, kwenye miti ya mwisho, kama umeambiwa usubiri. Mwanga ulikuwa wa kijani, na hewa ilinukia majani yaliyooza na kitu kama uvumba, ingawa hilo huenda nililileta mwenyewe kutoka kanisani. Makaburi sikuyaona. Nilikanyaga alipokanyaga Kibwana.

Walikuwa juu yetu muda mrefu kabla hatujawaona. Kwanza nilidhani ni ndevu za miti, yale manyoya ya kijani yanayoning'inia matawini. Kisha ndevu moja ikageuka, ikawa na uso.

Kibwana alisafisha koo. Alianza kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua.

"Wewe mwenye mvi. Koti la nani hilo? Marehemu Paulo alikuwa na koti kama hilo, mkamvua hata kabla hajapoa." Harage likagonga bati. "Na wewe pembeni yake, nenepa tu, kazi yako kula. Kwenu mnazaliwa mmeshiba." La pili. "Wewe usinigeuzie mgongo, hata huko nyuma nakujua." La tatu.

Hawakukimbia. Ernest atataka sababu na sina. Walishuka tawi moja wakaketi, mikono magotini, wakimtazama. Kibwana alisogea mti kwa mti, akiwasema mmoja mmoja, na kila aliyesemwa alipata harage lake. Hakumtukana yeyote mara mbili. Ndipo nilipoona jinsi njia hiyo ilivyo ya uhakika, maana tusi la mmoja halikumfaa mwingine.

Chini ya mti wa mwisho alinyamaza. Juu palikuwa na jike amepakata mtoto. Watoto wa mbega huzaliwa weupe kabisa, nilisoma hilo katika karatasi za Ernest, lakini karatasi haikunitayarisha. Mtoto yule alikuwa mweupe kama kitu kisichoguswa bado, na alimtazama Kibwana moja kwa moja.

"Na huyu mama," alisema Kibwana, polepole sana, "mtoto mweupe hivi umempata wapi? Tuambie baba yake ni Padri gani."

Akatia mawili.

Tulipotoka Paskalia alikuwa vilevile, mgongo kwetu. Kibwana alilizungushia kopo shuka lake lisilie, akampita bila neno. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimpita bila neno.

Ukumbini Paskalia hakuingia. Ernest alimwaga maharage juu ya meza, akayapanga kumi kumi. Yalikuwa thelathini na moja. Mimi nilihesabu thelathini na moja. Ndilo kundi kubwa kuliko yote milimani humu katika masika haya. Ernest alilishika kopo tupu muda fulani, akilitazama ndani. Kisha akasema kwamba kuanzia hesabu ijayo kila kituo kitakuwa na jiwe jeupe, na aliyekuwepo bila kuhesabu atatia jiwe. Katibu Yunusi alivaa kofia yake akaenda kuwaambia wenye mashoka warudi makwao.

Jumatano, 26 Mei

Jua. Mlima wote umetokea kwa mara ya kwanza, karibu mno, kama mtu uliyekuwa ukizungumza naye gizani na sasa taa imewashwa.

Jumamosi, 29 Mei

Imesomwa rasmi na Katibu. Mfumba unaunganishwa na hifadhi. Shamba la ujamaa litakuwa kwenye matuta. Kaya saba zitapewa sehemu kando ya barabara, ambako nimepita, na udongo wake ni mwekundu wenye kokoto. Wanaume wawili walipinga kwa nguvu na majina yao yakaandikwa. Mmoja aliuliza ni nani aliyewapeleka watu Mfumba. Paskalia alisimama akasema ni yeye. Wengine walitazama chini.

Jumamosi, 5 Juni

Daraja limetengenezwa na lori linashuka mchana. Nitalipanda mpaka Msamvu, Morogoro mjini, kisha basi.

Nilikwenda kuaga tutani. Paskalia anavuna kabichi ambazo hazijafunga, kwa sababu zikibaki zitalimwa pamoja na ardhi. Kibwana alikuwa akibeba tenga, analalamika kwamba ni zito, na kwamba mazao yao hata yakiwa machanga yananuka uchoyo. Jogoo wake, ujira wa mtani, alikuwa amefungwa miguu kivulini.

"Nimeuza shamba lako kwa kopo la maharage," alimwambia. Alisema kwa mzaha, lakini alisimama akasubiri.

Paskalia alikata kabichi nyingine, akaitupia kwenye tenga juu ya bega lake.

"Na ulivyo mvivu," alisema, "wengine hukuwaona."

Kutoka juu, mchana kweupe, jambo ambalo si kawaida, mbega mmoja akanguruma. Mama hakugeuka. Alisogea kwenye kabichi iliyofuata.

Vigingi vya shamba la ujamaa vitapigwa Jumatatu, tarehe 14 Juni, saa mbili asubuhi, na kila kaya itatoa mtu mmoja mwenye jembe. Paskalia amesema kwake atakwenda yeye.